Je, Wajua? Gari Lako Lina Jicho Nyuma ya Kioo

Anayeendesha gari katika kaunti ya Machakos hujifunza mapema kuyaachia nafasi malori ya mchanga. Turubai likilegea kidogo, kokoto moja huruka, kioo cha mbele kinapata kidonda kidogo chenye umbo la nyota, na baada ya siku mbili tatu za jua kali kidonda hicho kimekuwa ufa unaokatiza kutoka upande hadi upande. Katangi, kata iliyo katika eneo bunge la Yatta, inaijua hadithi hii vizuri. Barabara za murram, joto la mchana na malori yasiyokwisha havina huruma kwa vioo. Zamani dawa yake ilikuwa fupi: fundi wa vioo anakata gundi ya zamani, anabandika kioo kipya, unalipa, safari inaendelea.

Siku hizi imeongezeka kazi moja ambayo wenye magari wengi hawaambiwi. Inua macho kwenye kioo chako cha mbele, pale katikati juu, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ukiona kijumba cha plastiki nyeusi chenye tundu linalotazama barabarani, hiyo ni kamera. Ndiyo inayoliwezesha gari kukuonya unapotoka kwenye mstari, na katika magari mengi ndiyo inayosaidia kufunga breki usipomwona aliye mbele yako. Kioo kikibadilishwa, kamera hiyo ni lazima isawazishwe upya, kazi ambayo mafundi huiita kalibresheni. Mambo yafuatayo yataonyesha kwa nini.

JE, WAJUA kwamba kamera hizi zimetufikia kwa sababu ya kanuni ya miaka 8?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Kanuni hiyo imo katika kiwango KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Maana yake ni kwamba gari lililoshushwa Mombasa mwaka 2025 lilikuwa la mwaka 2018 au la baadaye. Sasa tazama tarehe za upande wa pili. Toyota ilizindua mfumo wake wa Toyota Safety Sense nchini Japani mwaka 2015, na Corolla Axio na Corolla Fielder, magari yanayoonekana kila soko la huku Ukambani, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuupata. Subaru ilikuwa imetangulia sana: mwaka 1999 iliweka kamera mbili kwenye Legacy Lancaster, na mwaka 2008 ikatoa mfumo wa EyeSight. Kwa hiyo mtu anayenunua gari la kawaida la mtumba, bila kuomba kitu chochote cha kifahari, anaweza kurudi nyumbani na kamera asiyojua kwamba anayo. Kadiri miaka inavyosonga, ndivyo gari lisilo na kamera litakavyozidi kuwa adimu bandarini.

JE, WAJUA kwamba kioo cha usalama na waipa vina mwaka mmoja wa kukumbukwa?

Mwaka huo ni 1903. Huko Ufaransa, mwanakemia Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara kutoka juu. Chupa ilipasuka lakini haikutawanyika. Alipochunguza aligundua kwamba ndani yake kulikuwa kumekauka utando wa selulosi, na utando huo ndio ulioshika vipande vyote mahali pake. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo kilichobandikwa kwa tabaka, na hilo ndilo wazo lililomo katika kila kioo cha mbele hadi leo: mabamba mawili ya kioo na plastiki laini katikati, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.76. Ndiyo maana kioo cha mbele hupata ufa na kubaki kimesimama, ilhali kioo cha mlango, ambacho mara nyingi ni bamba moja lililokazwa kwa moto, humwagika chini kwa chembechembe.

Mwaka huohuo wa 1903, mwezi wa Novemba, Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya kifaa cha kufuta kioo kwa mkono kutoka ndani ya gari. Hakupata faida yoyote kutokana nacho. Lakini wahandisi wa leo wanaofunga kamera huhakikisha kwanza kwamba inatazama kupitia sehemu ambayo waipa inafika. Mpira wa waipa ukichakaa na kuacha michirizi, dereva anaweza kuinamisha kichwa kutafuta mahali safi. Kamera haiwezi.

JE, WAJUA kwamba kioo ni sehemu ya jicho lenyewe?

Watu wengi hudhani kioo ni dirisha tu na kamera ni kitu kingine kilichojificha nyuma yake. Ukweli ni kwamba nuru ya barabarani haifiki kwenye kamera kabla ya kupita kwenye kioo chenye unene wa takribani milimita 5, kilicholazwa kwa mshazari. Nuru ikipita humo hupinda kidogo. Kioo kikiwa kinene zaidi kwa chembe, au mkunjo wake ukitofautiana na wa kile cha kiwandani, nuru inapinda kwa namna nyingine, na picha inahama.

Kisha kuna kishikio cha kamera. Katika magari mengi kimebandikwa kwenye kioo chenyewe huko kiwandani. Kioo kikivunjika, kishikio kinakwenda nacho, na kioo kipya kinakuja na kishikio chake. Ndiyo sababu vioo viwili vinavyofanana kwa macho, kimoja kutoka kwa mtengenezaji wa gari na kingine cha bei nafuu, vinaweza kuipa kamera mielekeo miwili tofauti. Subaru, ambayo mfumo wake wa EyeSight hutegemea kamera mbili zilizotenganishwa kwa sentimita 35 zipime umbali kwa pamoja, inashauri kioo halisi cha kampuni, kwa kuwa hapo kamera zote mbili zinatazama kupitia kioo kimoja na kasoro ya upande mmoja huharibu hesabu nzima.

JE, WAJUA kwamba nusu ya digrii inaweza kumsogeza punda mita 25?

Tukae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Kamera moja haina namna ya kunyoosha kamba hadi kwenye kitu kilicho mbele na kukipima. Njia mojawapo inayotumia ni kuangalia mahali kitu kinapogusa ardhi. Kadiri kwato au gurudumu linavyoonekana juu zaidi kwenye picha, likikaribia upeo wa macho, ndivyo kitu kilivyo mbali. Kadiri linavyoonekana chini, ndivyo kilivyo karibu.

Tuchukue punda aliyebeba mitungi ya maji akivuka barabara nje ya Katangi. Yuko mita 50 mbele ya gari, na kamera iko mita 1.3 kutoka ardhini. Mstari kutoka kwenye kamera hadi kwenye kwato zake unashuka kwa takribani digrii 1.5 tu. Hiyo ndiyo pembe yote ambayo gari linayo ya kufanyia hesabu. Sasa tuseme kioo kimebadilishwa na kamera imeinamia chini kwa nusu ya digrii bila gari kujua. Pembe inayobaki kwenye hesabu ni digrii 1. Ukipiga hesabu upya, punda yuleyule sasa yuko mita 75. Kamera ikiinukia juu kwa nusu ya digrii, punda anakuja hadi mita 37, na gari linaweza kushtuka na kuonya kabla ya wakati wake.

Tofauti kati ya mita 50 na mita 75 ni mita 25. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo msaada umechelewa kwa zaidi ya sekunde 1. Kwa mwendo huo, hata breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji takribani mita 25 hadi 30 kulisimamisha gari. Sekunde hiyo 1 ndiyo iliyokuwa na uhai wa punda, na pengine wa mtoto anayemswaga.

Na nusu ya digrii ni kiasi gani kwa mkono wa fundi? Kishikio chenye urefu wa sentimita 10 kikiinuka upande mmoja kwa chini ya milimita 1, nusu digrii imeshatimia. Hakuna fundi duniani, hata awe hodari vipi, anayeweza kuiona tofauti hiyo kwa jicho.

Mambo ni yaleyale kwa upande wa kushoto na kulia. Kamera iliyopinda kwa digrii 1 huona mambo yaliyo mita 100 mbele yakiwa yamehama kwa mita 1.75. Leni ya barabara kuu huwa na upana wa takribani mita 3.5. Nusu ya leni imepotea, na gari linaloaminiwa kukushikilia katikati linaweza kukusukuma kwenye mstari wa wenzako. Ni kweli kwamba magari mengi huongezea vidokezo vingine, kama rada na ukubwa wa kitu kinachoonekana, lakini vidokezo hivyo hulinganishwa na kile ambacho kamera imesema.

JE, WAJUA kwamba kangaruu aliwahi kuwashinda wahandisi wa Volvo?

Kampuni hiyo ya Uswidi ilikuwa imeufundisha mfumo wake kuwatambua wanyama wakubwa wa misitu ya kwao, kama kulungu. Mwaka 2017 ilieleza kwamba huko Australia mfumo ulikuwa ukichanganyikiwa na kangaruu. Mnyama huyo akiruka, miguu yake inaachana na ardhi, na gari lililozoea kupima umbali kwa kutazama miguu linamwona yuko mbali. Akitua, linamwona amekaribia ghafla.

Funzo lake kwetu ni zito. Mifumo hii ilifundishwa kwanza katika barabara za nchi nyingine, kwa watu, magari na wanyama wa huko. Mbuzi wa Yatta, mkokoteni wa punda na boda boda iliyobeba magunia ya makaa si vitu ambavyo kamera iliyozaliwa Japani ilivizoea sana. Hata ikiwa imesawazishwa vizuri kabisa, ina mipaka yake. Ikiwa imepinda, mipaka hiyo inakuwa myembamba zaidi.

JE, WAJUA kwamba gundi ya kioo hukaushwa na unyevu?

Gundi inayotumiwa kubandika vioo vya mbele ni ya yurethani, na nyingi za aina hii hukomaa kwa kunywa unyevunyevu ulio hewani. Kwa hiyo jua kali na hewa kavu ya kiangazi cha Ukambani haviiharakishi kama mtu anavyoweza kudhani. Hewa ikiwa kavu mno, gundi hukawia. Kila mtengenezaji wa gundi hutaja muda wa kungoja kabla ya gari kuendeshwa, kulingana na joto na unyevu wa siku hiyo. Fundi mzuri huusoma muda huo kwenye maelezo ya gundi yake, na huuheshimu hata mteja akiwa na haraka ya kuwahi mji wa Matuu.

Kungoja huko kuna sababu mbili. Ya kwanza ni uhai. Katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufunguka kwa kuruka juu, ukagonga kioo, ndipo ukamgeukia abiria, na yote hayo hutendeka kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kioo kisichoshika kinasukumwa nje, na mfuko unakosa kitu cha kuuzuia. Ya pili ni kamera. Kioo ambacho bado kinatulia kwenye gundi kinaweza kusogea kwa nywele, na kamera iliyosawazishwa juu ya kioo kinachosogea imesawazishwa bure. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kwanza usibamize milango ikiwa vioo vyote vimefungwa, maana hewa iliyobanwa ndani husukuma kioo kipya.

Zile nukta nyeusi na ule ukanda mweusi kandokando ya kioo vina kazi hapo pia. Ni rangi ya kauri iliyochomwa pamoja na kioo, na kazi yake kubwa ni kuikinga gundi na miale ya jua isiichakaze.

JE, WAJUA kwamba kamera husawazishwa bila kusogezwa?

Njia ya kwanza hufanyika gereji, gari likiwa limesimama. Sakafu lazima iwe tambarare kweli. Fundi anaanza na mambo yanayoonekana hayahusiani na kamera: anapima upepo wa magurudumu yote manne, anashusha mizigo, anaweka mafuta kwenye tangi kwa kiwango anachotaka mtengenezaji wa gari, ananyoosha usukani. Kila kimoja kati ya hivyo hubadilisha jinsi gari linavyokaa, na gari likikaa vibaya kamera nayo inakaa vibaya.

Kisha anatafuta mstari wa katikati. Anashusha timazi katikati ya pua ya gari na nyingine katikati ya nyuma, anatia alama za chaki sakafuni, anaziunganisha kwa uzi, na kuurefusha mstari huo mbele ya gari. Gereji zenye uwezo hutumia miale ya leza, lakini hesabu ni ileile. Juu ya mstari huo anasimamisha ubao wenye miraba myeusi na myeupe, kwa umbali na kimo ambavyo mtengenezaji wa gari amevitaja. Ubao ukiinama, ukiwa kando, au mwanga wa dirishani ukiupiga vibaya, kazi inarudiwa.

Ndipo kompyuta ya kusoma gari inachomekwa chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kamera inautazama ubao, inalinganisha mahali inapouona na mahali unapopaswa kuwa, na tofauti hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu yake. Skrubu haikuguswa na kamera haikusogezwa. Kilichosahihishwa ni hesabu: kuanzia hapo kamera inajua imepinda kwa kiasi gani, na kila inachokiona inakitoa kasoro hiyo. Ni sawa na mfanyabiashara kurudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kupima ndengu; asipofanya hivyo, anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote sokoni na bado kila kilo yake ikawa ya uongo.

JE, WAJUA kwamba baadhi ya magari hujisawazisha yakiwa safarini, lakini hayawezi kufanya hivyo popote?

Njia ya pili ni ya barabarani. Kompyuta inaunganishwa, fundi anatoa amri, na gari linaendeshwa kwa mwendo uliopangwa huku kamera ikisoma mistari ya barabara mpaka iridhike. Magari mengine hutaka njia hii peke yake, mengine hutaka ile ya ubao, mengine hutaka zote mbili. Si suala la fundi kuchagua anayoipenda. Mtengenezaji ndiye anayeamua, kwa kila aina ya gari na mwaka wake.

Neno kubwa hapa ni mistari. Barabara ya murram haina mstari wa katikati wala wa kando, na lami ambayo rangi yake imefutika haina tofauti kubwa. Mvua, vumbi zito na msongamano wa magari pia huikatisha kazi. Kwa gari la Katangi, hii ina maana kwamba kazi hiyo inafaa ifanyike kwenye sehemu ya barabara kuu yenye rangi safi, asubuhi kabla ya malori kuzidi, na watu wawili garini: mmoja anaendesha na macho yake hayatoki barabarani, mwingine anasoma kompyuta.

JE, WAJUA kwamba nchini Japani sheria imeingia hadi kwenye kioo?

Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, Japani iliingiza kazi za kamera na rada za magari katika orodha ya matengenezo yanayohitaji gereji yenye kibali maalumu. Kukiondoa kioo cha mbele ambacho kamera imefungwa juu yake kumo katika orodha hiyo. Mwezi wa Oktoba 2024 nchi hiyo ilianza pia kuyasoma magari mapya zaidi kwa kompyuta wakati wa ukaguzi wa lazima, ili hitilafu zisizoonekana kwa macho zibainike.

Ulaya nayo imekwenda njia hiyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2019/2144 ilifanya breki za kujifunga zenyewe na msaada wa kubaki kwenye leni kuwa vya lazima kwa aina mpya za magari kuanzia Julai 2022, na kwa kila gari jipya linalouzwa kuanzia Julai 2024.

Gari linapovuka bahari, kamera inakuja nalo lakini sheria ile inabaki Japani. Mwenye gari akiijua kazi hii ndipo ataweza kuidai.

JE, WAJUA kwamba gari linaweza kulalamika usielewe, au kunyamaza kabisa?

Magari mengi ya mtumba hufika yakiwa na skrini za Kijapani. Ujumbe wa kwamba kamera inahitaji kusawazishwa unaweza kuwa umeandikwa pale mbele yako kila asubuhi, na ukauona kuwa ni mapambo. Upige picha kwa simu na uutafsiri kwa programu ya simu. Ni kazi ya dakika chache.

Lililo gumu zaidi ni ukimya. Taa ya onyo huwaka pale gari linapojua kwamba kuna tatizo. Kamera iliyopinda kidogo, lakini ikiwa bado inaona picha safi na mistari iliyonyooka, inaweza isigundue lolote. Kwa hiyo fundi akikuambia kwamba kwa kuwa hakuna taa basi kila kitu kiko sawa, muombe akuonyeshe matokeo ya kusawazisha kwenye kompyuta.

JE, WAJUA kwamba si kioo pekee kinachoipotosha kamera?

Kutokana na barabara zetu, watu wengi huinua magari yao kwa kuweka spesa juu ya springi au kwa kufunga magurudumu makubwa zaidi. Gari likiinuka mbele kuliko nyuma, kamera inatazama juu. Likiinuka sawasawa, kimo chake kimebadilika, na ile hesabu ya kwato za punda inaanza na nambari isiyo sahihi. Kazi ya springi, kupanga magurudumu na hata kugongwa kidogo mbele ni sababu za kuuliza kama kamera nayo inahitaji kupimwa. Katika Toyota nyingi rada hukaa nyuma ya nembo ya mbele, kwa hiyo bampa iliyofunguliwa na kurudishwa inaweza kuwa imeisogeza. Kupaka rangi juu ya nembo hiyo, au kubandika nembo ya duka mahali pake, ni kulifunika jicho la pili.

JE, WAJUA kwamba joto na stika huweza kuizima kamera?

Gari lililoachwa juani saa nane mchana huchemka ndani, na kamera iliyo juu kabisa ya kioo nayo hupata moto sana. Mifumo mingi hujizima joto likizidi kiwango, kisha hurudi ikipoa. Egesha kivulini, au fungua milango hewa ipite kabla ya kuondoka. Vumbi la murram nalo hutafuta njia: likijikusanya upande wa ndani wa kioo, chini ya kile kijumba cheusi, hakuna waipa inayolifikia, na fundi ndiye wa kufungua na kulisafisha.

Stika, tinti, kamera ya kurekodia safari na mapambo yanayoning'inia yasikaribie tundu la kamera. Kidonda cha kokoto kikiwa mbali na eneo hilo kinaweza kuzibwa kwa gundi maalumu kabla hakijawa ufa, na ni vizuri kuwahi. Kikiwa mbele ya kamera kisizibwe, maana ile gundi hupinda nuru palepale ambapo kamera inataka usahihi. Na kioo chenye kidonda kilichopata moto wa jua kisimwagiwe maji ya baridi: upande mmoja ukisinyaa ghafla, ufa unakimbia.

JE, WAJUA maswali ya kumuuliza fundi kabla hajakata gundi?

Muulize hivi. Gari langu lina kamera kwenye kioo, na je, umeiona? Kioo unachoniletea kina kishikio chake na tundu safi la kamera hii hasa, ya gari la mwaka huu? Gundi yako inataka kungoja saa ngapi? Mtengenezaji anataka kamera hii isawazishwe kwa ubao, kwa barabara, au kwa vyote viwili? Ni nani atakayeifanya kazi hiyo, wapi, na kwa kompyuta gani? Utanipa karatasi ya matokeo?

Kwa kampuni ya bima uliza swali moja zaidi. Bima kubwa za magari huwa na kiwango maalumu cha pesa kwa ajili ya kioo cha mbele. Uliza, kabla ajali haijatokea, kama kiwango hicho kinalipia pia kusawazisha kamera, na jibu walitoe kwa maandishi.

Kama gereji iliyo karibu haina vifaa, kioo kinaweza kubandikwa huku, gari likapelekwa baadaye kunakopatikana ubao na kompyuta. Katika siku hizo, zima msaada wa leni kwa kitufe chake, ongeza nafasi kati yako na aliye mbele, na uendeshe kana kwamba gari halina msaada wowote.

Kwa vijana wa vyuo vya ufundi, hii ni kazi iliyo wazi mbele yenu. Timazi, uzi na chaki mnavijua. Sakafu iliyosawazishwa vizuri mnaweza kuimwaga wenyewe. Kinachobaki ni ubao, kompyuta na moyo wa kufuata vipimo vya mtengenezaji bila kukisia. Magari yenye kamera yanaendelea kushuka Mombasa, na malori ya mchanga yanaendelea kupita Yatta. Fundi wa Ukambani atakayeimudu kazi hii atapata riziki yake, na wanaovuka barabara kwa miguu watapata ile sekunde 1 wanayoihitaji.